Hisa za Benki Ndogo: Tazama Kwanza Mji Unakula Nini

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, liko swali ambalo halikosi katika vikao vya kamati za misikiti yetu, tangu Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini. Msikiti una akiba kidogo. Yatima wana fedha waliyoachiwa na baba yao. Familia fulani imeuza shamba na haitaki fedha iishie katika matumizi ya nyumbani. Hapo husimama mtu mwenye nia njema akasema: "Kwa nini tusinunue hisa za benki ndogo ya jamii? Ni yetu, inawakopesha watu wetu, na gawio litawasomesha watoto." Maneno hayo yana uzito, na hayafai kupuuzwa. Lakini kabla ya kuitikia, yafaa tufahamu thamani ya benki ndogo inatoka wapi, na kwa nini huweza kuyeyuka ilhali jengo limesimama na wahudumu wamevaa sare safi.

Nitangulize jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kwa Muislamu, swali la kwanza kuhusu benki yoyote ni riba. Hisa ni umiliki, na anayemiliki biashara ya riba ni mshirika wake. Kwa hiyo tunaposema hapa kununua hisa, tunakusudia benki inayoendesha shughuli zake kwa misingi ya sharia. Mifano ya benki nyingine nitakayoitaja ni kwa ajili ya mazingatio ya usimamizi wa mali, si mwaliko wa kuingia katika mikataba yake. Na wala tusidhani kwamba benki ikiepukana na riba imeepukana na hasara. Halali na salama ni mambo mawili.

Yaliyotokea Januari 2018

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja: Benki ya Wakulima Kagera, Benki ya Jamii Meru, Benki ya Jamii Njombe, Covenant Bank for Women na Efatha Bank. Miezi michache nyuma, Mei 2017, ilikuwa imeifunga Benki ya Jamii Mbinga. Sababu kubwa ilikuwa moja: mtaji haukutosha. Benki ya jamii ilitakiwa iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2, na muda wa kutimiza sharti hilo ulikuwa umekwisha.

Tuyatazame majina hayo. Kagera, Meru na Mbinga ni nchi za kahawa. Njombe ni nchi ya misitu, chai na viazi. Katika hizo mbili nyingine, moja ilikusudiwa wanawake na nyingine ilitokana na taasisi ya kidini. Hapakuwa na jina la mkoa, la zao wala la imani lililoziba pengo la mtaji. Hilo ni funzo kwetu pia, kwani tunao mwelekeo wa kuamini kwamba jina la Kiislamu likiwa mlangoni, hesabu za ndani zitajitengeneza zenyewe.

Tena miaka ile haikuwa miepesi kwa benki yoyote nchini. Mwaka 2016 Serikali ilihamishia Benki Kuu fedha za mashirika ya umma zilizokuwa katika benki za biashara, na ukwasi ukapungua. Mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama, ilipita asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki, ilhali Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Benki kubwa ilitikisika ikasimama. Benki ndogo ikitikisika huweza kuanguka, na sababu yake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya.

Hesabu ya benki ndogo

Tuchukue mfano wa kubuni. Benki ndogo ina mtaji wa wanahisa wa shilingi bilioni 2, uliogawanywa katika hisa milioni 2. Kila hisa, kwa hesabu ya vitabu, ina thamani ya shilingi 1,000. Kwa kutumia mtaji huo na amana za wateja, benki imetoa shilingi bilioni 12 kwa wavuvi, wakulima, wachuuzi na waajiriwa. Ukipenda, ziite mikopo. Na kwa benki isiyo na riba, ziite madeni ya mauzo ya murabaha.

Sasa tuseme kati ya kila shilingi 100 zilizotoka, 5 hazikurudi. Hasara ni shilingi milioni 600. Hasara hiyo haianzi kwa wenye amana. Huanza kwa wenye hisa. Mtaji unashuka hadi bilioni 1.4, na hisa iliyokuwa ya shilingi 1,000 imebaki 700. Zikiwa zisizorudi ni 15 katika kila 100, hasara inafika bilioni 1.8. Mtaji uliobaki ni milioni 200, na hisa ina thamani ya shilingi 100 tu. Zingatia vizuri: watu 85 katika kila 100 wamelipa deni lao kwa uaminifu, na bado mwenye hisa amepoteza sehemu 9 kati ya 10 za mali yake.

Ndiyo maana mwenye kutaka kujua thamani ya benki ndogo asiishie kwenye jengo wala kwenye tangazo. Akatazame wale waliokopa wanapata wapi riziki yao. Na hapa ndipo inapoingia hali ya uchumi wa mahali.

Pwani yetu inakula nini

Turudi nyumbani. Tuifikirie benki ambayo wateja wake wote wako kati ya Mapinga na Saadani. Wanaishi kwa nini?

Wapo wavuvi, na pamoja nao mama wanaokaanga samaki na kuanika dagaa. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, mashua ndogo hukaa ufukweni siku nyingi. Mvuvi asiposhuka baharini, mama wa kukaanga hana cha kukaanga, mwenye barafu hana wa kumuuzia, na mwenye pikipiki ya kubeba samaki hana mzigo. Katika daftari la benki hao ni wadaiwa wanne. Kwa hakika ni riziki moja iliyogawanyika kwa watu wanne.

Wapo wakulima wa mananasi wa Kiwangwa. Tatizo lao mara nyingi si kukosa mavuno, bali mavuno kuja kwa pamoja: nanasi linajaa barabarani, na bei inashuka wakati uleule deni linapotakiwa. Wapo wa mashamba ya chumvi, ambao huhitaji jua. Mvua ikizidi, kazi ya wiki nyingi huyeyuka. Wapo kina mama wa mwani wa Mlingotini, ambao wameona mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri zaidi, ukinyauka na kufa kwa sababu ya maji kupata joto. Na wapo wanaotegemea wageni wanaokuja kutazama magofu ya Kaole na majengo ya kale ya mji; mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga safari za dunia, riziki hiyo ilikatika kwa ghafla.

Kisha kuna ardhi. Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China, ulitiwa saini mkataba wa kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mradi ule hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisema mazungumzo yatafufuliwa. Sikusudii kujadili nani alikuwa na haki. Nakusudia kusema kwamba bei ya kiwanja katika pwani hii imefungamana na habari za bandari kama ngalawa ilivyofungamana na maji: yakijaa hupanda, yakitoka hushuka. Benki ikipokea kiwanja kiwe rehani ya deni, ikakipima kwa bei ya matarajio, siku ya kukiuza itapata bei ya siku hiyo. Tofauti kati ya bei hizo mbili italipwa na mwenye hisa.

Na hili si geni kwa mji wetu. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Matajiri kama Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa 1851 na kufariki 1897, waliigharamia misafara kwa bidhaa na mahitaji ya safari, wakingojea pembe ziteremke pwani. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka huko huko, reli iliyofika Kigoma 1914. Hakuna aliyebomoa maduka ya Bagamoyo kwa nyundo. Njia ya biashara ilihama, na thamani ya kila kilichosimama kando yake ikahama nayo. Anayetembea leo katika mitaa ya mji mkongwe anaona hesabu hiyo kwa macho yake.

Hapa basi ndipo ulipo udhaifu wa benki ya mahali pamoja. Benki yenye matawi nchi nzima, kahawa ikianguka, korosho huweza kuibeba. Benki ya wilaya moja haina pa kuegemea. Wanaoweka amana na wanaokopa ni jirani. Msimu ukiwa mbaya, wa kwanza huja kutoa fedha zao na wa pili hushindwa kurejesha, tena ndani ya mwezi mmoja. Baadhi ya benki ziliutambua udhaifu huo mapema. Benki ya Jamii Mwanga, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliungana mwaka 2020 na taasisi mbili nyingine ikawa Mwanga Hakika Bank. Benki ya Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanza 2002, ilikuwa ndani ya jiji lenye biashara za kila namna. Mwaka 2008 iliorodheshwa katika Soko la Hisa, na baadaye ikapata leseni ya benki ya biashara.

Milango mitatu, hukumu tatu

Wengi wetu husema "nimeweka fedha benki" kana kwamba ni jambo moja. Katika fiqhi ni mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake siku ya hasara.

Kwanza ni fedha inayowekwa kwa mfano wa qardhi, ambayo benki imeidhamini na lazima iirudishe kamili. Mwenye nayo hapati faida, naye habebi hasara ya biashara. Pili ni mudharaba: mwenye mali anatoa mali, benki inatoa kazi, faida inagawanywa kwa mafungu waliyokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiana ya mwendeshaji, ni ya mwenye mali. Tatu ni hisa, nayo ni musharaka: umekuwa mmoja wa wenye benki. Unapata faida pamoja nao, unabeba hasara pamoja nao, na benki ikifilisika unasimama mwisho kabisa katika safu ya wanaolipwa.

Kanuni ya wanafiqhi ni kwamba haki ya faida inafuatana na kubeba dhamana. Hatuwezi kuipenda nusu ya kwanza na kuikataa ya pili.

Wenye amana wana kinga ya sheria kupitia Bodi ya Bima ya Amana, lakini kinga hiyo ina kikomo. Benki zile tano zilipofungwa, kiwango cha juu alicholipwa mteja mmoja kutoka bima kilikuwa shilingi milioni 1.5. Kiwango hicho baadaye kimepandishwa hadi milioni 7.5. Kinachozidi hapo hungojea ufilisi, mali za benki zikusanywe na kuuzwa. Kamati iliyokuwa na shilingi milioni 20 katika akaunti moja ingepokea milioni 1.5, kisha ingebaki kungoja. Mwenye hisa hana bima hata ya shilingi moja.

Mali ya nani?

Kutokana na hayo, jibu la swali letu linategemea mali ni ya nani.

Mali ya yatima na ya wakfu si mali ya kamati. Qur'ani Tukufu, mwanzoni mwa Suratun-Nisaa, imeweka onyo kali juu ya mali ya yatima, na wanazuoni wamemtaka msimamizi achague lililo salama zaidi kwa mwenye mali, si lile linalomvutia yeye. Kwa maoni yangu, fedha ya ada za yatima wa mwaka huu na wa mwaka ujao haina nafasi katika hisa za benki ya wilaya moja, hata ikiwa ni halali na hata ikiwa ni yetu. Ikae mahali ambapo itatoka siku ikihitajika. Familia iliyouza shamba nayo ikumbuke: thamani ya shamba lile ilitokana na uchumi wa pwani hii. Ikichukua fedha yote na kuiingiza katika benki inayotegemea uchumi uleule, imebadilisha karatasi tu, haijatoka katika hatari.

Ama mwenye ziada, aliyekwisha tenga matumizi ya nyumba na ada za watoto, huyo kununua hisa katika benki safi ya jamii ni jambo jema. Anawasaidia Waislamu wenzake kufanya biashara bila riba, na huenda akapata kheri mbili. Amana Bank ilipofungua milango Novemba 2011, ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu, ilijengwa kwa fedha za wanahisa waliokubali kuanza. Bila watu wa namna hiyo tusingekuwa na pa kukimbilia. Lakini na aingie akiwa anajua. Kabla hajalipa, aulize haya, na adai majibu ya maandishi:

Moja, mtaji wa benki ni kiasi gani leo, na umezidi kiwango cha Benki Kuu kwa kiasi gani? Mbili, katika kila shilingi 100 iliyotolewa, ngapi zimekwama? Tatu, fedha iliyotoka imegawanyika vipi: kiasi gani kwa uvuvi, kilimo, waajiriwa, viwanja? Nne, je, wako wakopaji wachache waliobeba sehemu kubwa, na kati yao wamo wakurugenzi au jamaa zao? Tano, nikitaka kuuza hisa zangu, nani atanunua na kwa bei gani? Swali hili la tano husahauliwa mno. Hisa isiyo na mnunuzi ni mali kwenye karatasi, na mtoto wa yatima halipiwi ada kwa karatasi.

Benki inayoendeshwa kwa uaminifu haichukizwi na maswali haya, na mizania ya benki hutangazwa. Ikichukizwa, umepata jibu.

Yaliyo juu yetu

Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayenunua hisa aziandike katika wasia na awaambie mke au mume na watoto, ili mirathi isije ikakosa fungu. Na azikumbuke katika zaka. Aliyezinunua ili aziuze, zaka yake ni asilimia 2.5 ya bei yake ya siku mwaka unapotimia, si ya bei aliyonunulia. Aliyezishika kwa ajili ya gawio amuulize mwanachuoni wake, kwani hukumu yake inahitaji kutazama mali za benki yenyewe.

Mwisho, ndugu zangu, tusiilaumu kusi peke yake. Upepo, mvua na habari za bandari hatuna mamlaka nazo. Lakini sehemu ya uchumi wa mahali ni tabia ya watu wake. Mtume (SAW) ameeleza kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuyashuhudia. Mvuvi aliyekosa bahari ana udhuru, na haki yake ni kupewa muda. Lakini yule mwenye uwezo, anayesema "ni benki yetu, haitanidai", anatoa shilingi katika hisa ya mjane aliyekaa safu ya nyuma msikitini, na huenda hamjui. Katika hesabu tuliyoifanya, watu 15 kati ya 100 walitosha kuimaliza benki. Kila mmoja wetu ajiulize yumo katika kundi gani.

Tunamuomba Allah Mtukufu atupe riziki ya halali, atuepushe na riba na hiana, awalinde yatima wetu na mali zao, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Wallahu a'lam. Amin.